Milimita Nne Nilizomimina Magindu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu hakuniangalia usoni. Aliangalia miguu yangu. Ilikuwa na vumbi jekundu hadi magotini, maana nilipanda lori la mkaa kutoka Maneromango mpaka njia panda, kisha nikamalizia kwa kutembea hadi kwenye shule yake ya msingi, juu kwenye vilima vya Kisarawe.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano, mwalimu."

"Nani alikuachisha?"

"Hakuna. Nilikwenda kuangalia korosho zinavyobanguliwa, nikasahau kurudi."

Alicheka kidogo kwa pua, akaniajiri. Nilikuwa mhudumu: kufagia ofisi, kuchemsha chai ya walimu, kugonga kengele. Kabla ya hapo nilishachoma mkaa, nikauza mikeka, nikapika kwa mama lishe, nikafua mashuka katika hosteli moja ya Tumbi, na hakuna mahali nilipotimiza mwaka. Kila nilipokwisha kujua kazi inavyokwenda, miguu iliniwasha. Sikutegemea kazi hii iwe tofauti.

Mchana, kabla sijaondoka, Mwalimu Mkuu alinipeleka nyuma ya madarasa, mahali pa wazi pasipo mti wala paa karibu. Palikuwa na kopo refu la bati lililofukiwa nusu ardhini, na faneli juu yake.

"Mwalimu aliyekuwa anakiangalia amehama," alisema. "Hiki ni kipimamvua. Ndani ya kopo kuna chupa. Kila siku saa tatu asubuhi unaitoa, unamimina maji kwenye gilasi hii yenye mistari, unasoma milimita ngapi, unaandika kwenye daftari."

"Kila siku, mwalimu? Hata Idi?"

"Hata Idi, hata Krismasi. Mvua haina sikukuu, Mwajuma."

Kesho yake ilinyesha tangu alfajiri. Saa tatu nilimimina maji kwenye gilasi: milimita kumi na mbili. Nilimwendea nikiwa nimeudhika kidogo. Nikamuuliza, mvua yote ile iliyokuwa inapiga kelele juu ya bati, ndiyo hiki kikombe cha kahawa? Alinichukua hadi ukingo wa uwanja, ambapo unaona msitu ukishuka kuelekea Pugu, kijani juu ya kijani, na moshi wa ukungu ukitoka katikati.

"Kina ulichosoma kwenye gilasi," akasema, "ndicho kilicholala juu ya bati letu. Na juu ya mikorosho ile. Na juu ya kila jani la msitu ule mpaka macho yako yanapoishia. Piga hesabu, ni ndoo ngapi."

Nilijaribu. Nilianza na uwanja wa mpira, nikafika kwenye paa la madarasa, nikashindwa. Nilikaa chini kwenye majani mabichi, nguo ikalowa, wala sikujali. Nimezaliwa na mvua na kukua nayo, lakini sikuwahi kujua kwamba kitu kikubwa namna ile kinakubali kuingia kwenye gilasi ili mtu kama mimi akisome.

Nilikaa Kisarawe miaka minne. Mwalimu Mkuu yule alikuwa mkali kwa mambo madogo. Mwezi wa kwanza, siku zisizo na mvua niliziacha bila kuandika kitu. Alinifungulia daftari mbele ya walimu.

"Hapa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Hakukuwa na mvua."

"Nafasi tupu maana yake hukwenda kutazama. Sifuri maana yake ulikwenda, ukatazama, ukakuta hakuna. Hivyo ni vitu viwili, dada yangu."

Kisha miguu ikaniwasha. Reli mpya ilikuwa inajengwa upande wa Kibaha na mimi nilitaka kuiona. Sikuhamishwa kwa barua ya serikali kama walimu, nilihama mwenyewe, nikiwa na karatasi ya Mwalimu Mkuu yenye sentensi moja: "Mwajuma haruki siku." Karatasi hiyo ilinipatia kazi ile ile katika shule moja ndogo si mbali na Soga.

Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa kijana mwenye simu mbili. "Bi Mwaju," alinitania, "simu hii inaniambia mvua ya Kibaha nzima. Kopo lako linaniambia nini?"

"Linakuambia ya hapa uliposimama, mwalimu."

Alicheka, mpaka asubuhi moja tulipokuwa wawili kandokando ya reli. Upande wa pili wa tuta mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu, mistari myeupe inaonekana kabisa, na upande wetu vumbi lilikuwa kavu. Alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kugusa pazia. Akaweka simu zote mbili mfukoni. "Haki ya Mungu," akasema, basi.

Lakini katika shule hiyo ndiko nilikoona kitu kilichonikaa kooni. Mwalimu wa darasa la sita alikuwa anafundisha mabadiliko ya tabianchi, mimi nikiosha madirisha. Aliandika ubaoni: ukame, mafuriko, njaa, bahari kupanda. Watoto wakanakili kwa mwandiko mzuri. Mmoja akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo sisi tutakufa, mwalimu?"

Mwalimu alimtazama, akatazama saa yake. "Hilo halimo kwenye mtihani," akasema.

Hakuwa mtu mbaya. Lakini niliona yule mtoto alivyofunga daftari, taratibu, kama mtu anayefunika sufuria isiyo na chakula.

Kutoka hapo nilikwenda Magindu, kwa wakulima na wafugaji. Huko ndiko nilikofanya kazi muda mrefu zaidi maishani mwangu, na ndiko nilikofanya kosa ambalo vijana wanaosoma haya nataka walijue kabla hawajalirudia.

Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo, Mlutheri, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu wasogee karibu. Shule nzima ilimwita Madam. Yeye ndiye aliyefanya kipimamvua kiwe cha kijiji. Wazee wa Magindu zamani walipanda kwa kuangalia miti inavyochipua na upepo unavyogeuka, na ishara hizo zilikuwa zimeanza kuwadanganya. Madam akapatana na wazazi: siku tatu mfululizo zikifikisha kwa jumla milimita ishirini au zaidi, tunatundika kitambaa cha kijani getini. Anayepita akikiona anajua udongo umekunywa vya kutosha kushika mbegu. Kisipokuwepo, asubiri.

Na saa tatu kila siku, darasa la tano lilitoka nje dakika kumi. Mtoto mmoja alisoma gilasi kwa sauti, mimi nikaandika. Msomaji wa mwaka ule alikuwa Zuhura, binti wa miaka kumi na mmoja aliyeishi na bibi yake, Bi Chausiku. Alikuwa na sauti ya kuadhini, wenzake walimtania hivyo, na alipenda kazi ile kuliko uji.

Vuli ya mwaka ule haikuja. Sifuri ikafuata sifuri. Wiki ya kwanza Zuhura alisoma kwa sauti yake ile ile. Wiki ya tatu alinong'ona. Wafugaji walianza kuondoka na ng'ombe wao, na madawati yakabaki na mtoto mmoja mmoja. Watoto hawakuuliza tena maswali. Siku moja Zuhura alinipa gilasi bila kuitazama.

"Shangazi, leo soma wewe."

Nikaisoma mimi: sifuri.

Halafu mvua ikaja. Siku ya kwanza milimita saba, siku ya pili tisa. Zimebaki nne. Siku ya tatu nilikwenda kuchungulia mapema kabla watoto hawajatoka. Moja. Milimita moja tu, na anga ilikuwa inang'aa kama sinia iliyosuguliwa.

Nilimwona Zuhura anakuja mbio mbele ya wenzake. "Shangazi! Bibi kasema leo nisirudi bila habari ya kitambaa!"

Nilikuwa na chupa yangu ya maji ya kunywa. Nilimimina kwenye gilasi milimita nne, moja zaidi ya zilizohitajika ili kusiwe na ubishi, wala sikukosea hata chembe, nikayarudisha maji yote kwenye chupa ya kipimamvua, nikasimama pembeni nimekunja mikono.

"Tano!" alipiga kelele Zuhura. "Jamani, tano! Ishirini na moja!"

Watoto waliruka. Madam alitoka ofisini akicheka. Zuhura alikitundika kitambaa mwenyewe, akapanda juu ya geti kukifunga vizuri. Na mimi nilifurahi. Lazima niseme hivyo, nilifurahi kweli. Nilijiambia, nimempa mtoto asubuhi moja njema, na mvua nyingine itakuja kufidia.

Haikuja. Watu wengi walipanda robo ya mbegu zao na kubakiza nyingine, ndivyo wanavyofanya wenye nguvu za kurudia. Bi Chausiku alikuwa na magoti mabovu. Alijua mwili wake unaweza kupanda mara moja tu kwa msimu. Aliteremsha mahindi na kunde zake zote kutoka juu ya moshi wa jiko alikozihifadhi, akazipanda zote, siku ile ile. Zikaota. Zikatoa majani mawili mawili. Nilikuwa napita pale kila asubuhi, na niliziona zikijikunja kama karatasi iliyosogezwa motoni, mstari baada ya mstari, hadi shamba likarudi kuwa jekundu.

Nilikwenda kwa Madam nikamweleza.

"Asubuhi ile," akauliza, "ulikuwa unamhurumia nani? Zuhura au wewe mwenyewe?"

Nilitaka kusema Zuhura. "Mimi, Madam. Nilishindwa kumwangalia."

"Kaa chini." Alivuta kiti chake karibu. "Mimi kila walipoogopa nimewaambia, msiogope, Mungu yupo, fungueni vitabu. Mungu yupo. Lakini mimi nilimtumia kuwanyamazisha. Tofauti yetu ni chupa tu, Bi Mwaju. Sasa nenda kwa mwenye shamba."

Nilimkuta Bi Chausiku barazani anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mdai?"

Nikasema yote. Vidole vyake havikuacha kusuka.

"Kumbe mvua yangu ilitoka kwenye chupa."

"Ndiyo, bibi."

"Maji ya dukani au ya bombani?"

"Ya bombani."

"Hata ya dukani hukunipa!" Alicheka, na kile kicheko kiliniuma kuliko fimbo. Kisha akaacha kusuka. "Sikutukani, sina nguvu hizo. Ondoka. Na hapo shuleni kwenu mimi sikanyagi tena."

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno.

"Ulidhani mimi siwezi kubeba moja?" akaniuliza. Hakuwa analia. "Ungeniacha nisome moja. Ningelia. Halafu ningekuja kumwambia bibi, ni moja. Na bibi angesubiri."

Nimesikiliza wakubwa wengi wakiongea katika maisha yangu, wenye vyeo na wenye miwani. Hakuna aliyewahi kunifundisha kitu kwa maneno machache kama yale.

Kesho yake Zuhura alirekebisha daftari mbele ya shule nzima. Katika kazi yetu kosa halifutwi. Unalipiga mstari mmoja ili liendelee kusomeka, unaandika iliyo sahihi juu yake, unatia saini. Alipiga mstari kwenye tano, akaandika moja. Nikatia saini yangu. Mzazi mmoja alipaza sauti kutoka getini, "Kopo la shule nalo limeanza kutapeli!" Watu wakacheka, na walikuwa na haki. Msimu ule hakuna aliyekitazama kitambaa chetu.

Baada ya hapo Madam alibadilisha zile dakika kumi. Kwanza namba ilisomwa kwa sauti kamili, iwe sifuri, iwe arobaini. Kisha yeyote aliyetaka alisema namba ile imemfanya nini. Sheria ilikuwa moja: hakuna kumjibu mtu "usiogope". Wote wanamjibu, "Tumekusikia." Halafu tunachagua jambo moja tunaloweza kulifanya kabla jua halijazama, dogo kiasi chochote.

Siku ya kwanza walichorachora vumbi kwa vidole vya miguu. Mwisho akainuka mtoto wa wafugaji, mtundu kupita wote.

"Mimi naogopa tutahama na ng'ombe," akasema, "halafu huko wanicheke ninavyoongea."

Wenzake wakacheka palepale, na yeye akacheka, halafu uso ukamgeuka akaanza kulia huku bado anacheka.

"Tumekusikia," wakasema, kwa kusitasita, sauti hazikulingana.

Jambo la siku ile lilikuwa kumwagia mipapai ya shule maji waliyonawia mikono na kufunika mashina kwa majani makavu. Hiyo tu. Hawakutoka pale wakiwa na furaha, nisiwadanganye. Mvua haikunyesha kwa sababu mtu amelia. Lakini siku ya nne au ya tano maswali yalirudi. Zuhura aliuliza mawingu yanayotupita juu bila kutunyeshea yanakwenda kumnyeshea nani, na darasa zima likalala chali uwanjani kuyafuatilia, vidole hewani, wanabishana. Nilisimama na gilasi yangu nikiwaangalia watoto wale wakiwa chini ya anga ile kubwa isiyowaahidi kitu, wanaitazama bila kufumba macho.

Mimi nilikwenda Kisarawe nikarudi na mizigo ya pingili za muhogo, yaani vile vipande vya shina vinavyopandwa. Muhogo huvumilia. Nilizipanda shambani kwa Bi Chausiku siku tatu, peke yangu, naye akiwa barazani anasuka ukili wake. Siku ya tatu akatamka: "Umezibananisha." Nikaung'oa mstari mmoja nikaupanda upya. Tulikula ule muhogo mwaka uliofuata, kila mtu kwake.

Habari ya dakika kumi za Magindu ilisambaa kidogo. Mkufunzi mmoja wa walimu aliniita Tumbi niwaonyeshe vijana wake kusoma kipimamvua. Mimi, wa darasa la tano, mbele ya watu wenye kalamu za rangi mbili! Binti mmoja akaniuliza, "Bi Mwaju, sasa sisi tutawafundishaje bila kuwatisha?"

"Watishwe," nikasema. "Ukweli unatisha. Ila usimwachie mtoto orodha ya maafa kisha ukagonga kengele ukaenda kunywa chai. Kaa naye hapo hapo." Waliandika. Sikujua kama nilistahili kuandikwa.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama kazi yangu ilikuwa na maana, maana mvua yenyewe haijatengemaa. Nawajibu kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba mtu aliyeshindwa kutimiza mwaka popote alisimama mbele ya kopo moja la bati kule Magindu misimu kumi na miwili ya mvua, na hakuna asubuhi iliyofanana na nyingine. Na ninajua kwamba kila sifuri ilikuwa na mtu nyuma yake.

Asubuhi yangu ya mwisho kazini tulitoka nje kama kawaida. Zuhura alikuwa ameshakwenda sekondari. Msomaji alikuwa mwingine. Kabla hajamimina niliona watoto wanageuka. Bi Chausiku alikuwa anaingia getini na mkongojo wake, kanga mbili mpya, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Miaka yote ile hakuwa ametia mguu pale. Alikwenda akasimama nyuma ya mstari wa watoto, kama amechelewa shule.

"Sifuri!" akasoma msomaji.

"Nani ana la kusema?" Madam akauliza.

Bi Chausiku akanyoosha mkono, kidole juu, kama wanavyofanya wao.

"Mimi Chausiku naogopa," akasema. "Mvua aliyonifundisha mama yangu haipo tena. Nilitaka nimwachie mjukuu wangu kujua siku ya kupanda, kama nilivyoachiwa mimi. Sasa sina cha kumwachia. Hilo ndilo lililonikasirisha miaka yote hii, si chupa ya huyu peke yake." Akanitupia jicho. "Ingawa na chupa pia."

Watoto wakacheka, wakanyamaza haraka, wakamtazama Madam, kisha wakamgeukia.

"Tumekusikia, bibi."

Sauti arobaini, safari hii kwa pamoja. Akaegemea mkongojo wake kwa mikono yote miwili.

"Na leo tufanye nini, bibi?" Madam akauliza.

"Leo huyu anaacha kazi," Bi Chausiku akasema, akininyooshea mkongojo. "Na mimi nina magoti mabovu na shamba limejaa magugu. Mniruhusu niondoke naye."

Tukatoka. Njia ya kwake ni fupi, mimi huimaliza kwa dakika tano. Siku ile nilitembea nyuma yake, nikipunguza mwendo kila mara ili nisimpite, mpaka jua likawa juu ya vichwa vyetu.